Nasaba, Vinasaba na Ithibati: Mtazamo kutoka Sangailu

Utangulizi

Makala haya yanajadili swali moja: nani anastahili kuitolea hukumu nasaba ya mtu? Swali hili lilipata uzito mwaka 2018, polisi wa California walipomkamata Joseph James DeAngelo baada ya vinasaba vya mahali pa uhalifu kulinganishwa na vya jamaa zake wa mbali waliomo katika hazina kama GEDmatch. Baadaye wataalamu wa kazi hiyo nchini Marekani waliunda bodi ya ithibati ya kuwapima na kuwawekea maadili.

Nasaba ya Kusimuliwa

Huko Sangailu, wadi ya Ijara katika Kaunti ya Garissa, nasaba ni elimu ya kale. Mtoto wa Kisomali hufundishwa abtirsi, yaani kuwahesabu baba na babu zake hadi kwa mwasisi wa ukoo. Elimu hii iliwahi kugeuzwa mtihani wa uraia. Katika uhakiki ulioanza Novemba 1989, Wakenya wenye asili ya Kisomali walihojiwa kuhusu koo zao mbele ya majopo, na waliofaulu wakapewa kadi ya waridi. Uhakiki wa ziada kwa waombaji vitambulisho uliendelea kwa miaka mingi. Februari 2025, Rais William Ruto alitia saini mjini Wajir tangazo la kuuondoa.

Nasaba ya Kupimwa

Abtirsi hufuata upande wa baba, na hubeba pia mapatano: katika desturi ya sheegad, mtu hujiunga na ukoo wa wenyeji wake akahesabiwa humo. Vinasaba navyo hueleza damu ya pande zote mbili, wala havijui mapatano. Asiyehitimu akivisoma, huenda akamwita mkweli mwongo. Aidha, hakuna kinasaba cha uraia.

Hitimisho

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nchini Kenya huihesabu data ya jeni kuwa nyeti. Hata hivyo, kuilinda data si kumpima msomaji wake. Ithibati ya kweli hujibu maswali matatu: nani amempima mpimaji, kwa kanuni zipi, na aliyedhulumiwa akate rufaa wapi. Hivyo basi, wanaistilahi wasichanganye maneno: cheti hushuhudia mafunzo, leseni huruhusu kazi, ithibati humdhamini mtendaji. Mkaazi wa Sangailu asiyeelewa neno analohukumiwa nalo hawezi kulikatia rufaa.