Ukipewa probesheni, utaangaliwa kwa ukaribu gani?

Hakimu nchini Kenya akisema anataka ripoti ya probesheni kabla ya kutoa hukumu, jamaa wa mshtakiwa huondoka mahakamani wakidhani kesi imesogezwa mbele tu. Kumbe kazi ndiyo inaanza. Afisa wa probesheni atamhoji mshtakiwa, awe rumande au nje kwa dhamana, kisha atafunga safari hadi kwao. Atazungumza na wazazi au mke, na chifu au naibu wake, na mwajiri kama yupo. Aliyekosewa naye atatafutwa aseme lake.

Maswali yenyewe ni ya kawaida kabisa. Unalala wapi, na nani? Kodi analipa nani? Ulianza kunywa lini, na ukinywa hukaa na kina nani? Una deni? Ukisema unaishi kwa shangazi, usishangae afisa akiomba kuonyeshwa chumba. Hapa ndipo familia nyingi humponza mtu wao. Wanamfundisha akane kila kitu: hanywi, hana marafiki wabaya, hajawahi kugombana na mtu. Halafu afisa anapita kwa jirani wa mlango wa pili na kusikia habari nyingine kabisa. Akishashika uongo mmoja, hata ya kweli atayatilia shaka. Na ripoti hii hailipiwi. Mtu akikudai pesa ya chai ili iandikwe vizuri, hiyo ni hongo.

Kwa mujibu wa sheria ya probesheni, Sura ya 64, mahakama huangalia umri wa mkosaji, tabia yake, rekodi yake, mazingira ya nyumbani, afya ya mwili na ya akili, na uzito wa kosa. Amri ya probesheni hudumu kati ya miezi 6 na miaka 3. Hakimu ana wajibu wa kuieleza kwa lugha nyepesi, na hawezi kuitoa mpaka mshtakiwa akubali masharti yake. Kwa hiyo usiitikie tu kwa sababu umechoka na selo. Sharti usilolielewa, liulizie palepale. (Watu huichanganya na amri ya huduma kwa jamii, iliyoletwa na sheria ya mwaka 1998, kwa kuwa zote mbili huitwa kifungo cha nje. Ile ya huduma ni kazi isiyo na malipo, kama kupanda miti au kukarabati shule na hospitali za umma, na hutolewa pale ambapo kifungo kinachofaa hakizidi miaka 3.)

Amri ya probesheni ikishatolewa, mtu husajiliwa ofisini, masharti husomwa upya, na afisa hupima mambo mawili: uwezekano wa kukosa tena, na shida zinazomsukuma kwenye kosa. Kipimo hicho ndicho huamua ukaribu wa uangalizi. Anayeonekana kuwa na hatari kubwa ya kukosa tena ataripoti mara nyingi na kutembelewa nyumbani, pengine bila taarifa. Wa katikati ataripoti kwa nafasi, na akionyesha utulivu siku zake za kuripoti hupunguzwa. Wa hatari ndogo ataonana na afisa mara chache.

Majirani hulalamika: mbona huyu anaripoti mara moja moja na yule kila wiki, ilhali makosa yao yanafanana? Nadhani lalamiko hili linatokana na kuuona uangalizi kama adhabu ya pili. Kinachopimwa si ubaya wa kosa peke yake. Watafiti wa Kanada, Andrews na Bonta, pamoja na mwenzao Hoge, waliandika mwaka 1990 kwamba nguvu kubwa ielekezwe kwa wenye hatari kubwa, na tafiti za baadaye zikaonyesha kuwa kumbana sana mtu wa hatari ndogo kunaweza kumharibu. Chukua kijana wa bodaboda wa Malindi, aliyeiba mara moja kwa sababu ya deni. Ukimwita ofisini kila asubuhi atawapoteza wateja, atashindwa kulipa deni lilelile, na kwenye foleni atakutana na wazoefu wa uhalifu. Kumlegezea kamba ni hesabu, si upendeleo.

Ngazi hizo za uangalizi hupanda na kushuka. Ukikosa kuripoti bila sababu, au ukirudi kwenye kikundi kile kile cha marafiki wabaya, afisa atakubana zaidi kabla mambo hayajafika mahakamani. Yakifika huko, hakimu anaweza kukuhukumu kwa kosa lile la kwanza, na kosa jipya, kama lipo, lina kesi yake. Ndiyo maana ukiugua au ukifiwa, piga simu siku hiyo hiyo, utunze cheti cha hospitali au umwombe chifu barua. Asiye na makao salama, hasa kijana, amwambie afisa mapema: kuna mabweni ya probesheni, kama ya Shanzu na Nakuru, yaliyowekwa kwa hali hiyo.

Kuhama nako kunaruhusiwa, mradi usihame kimya kimya. Ukipata kibarua Thika nawe unaripoti Voi, mwone afisa wako kabla ya kufungasha mizigo. Atafanya mpango na wenzake wa huko ili uangaliwe karibu na kazini, nao watataka kujua upya unalala wapi, na nani, na kodi analipa nani.