Kuwahi Mwanga Unaofifia

SWALI: Nina darubini yenye kioo cha sentimita 20 na kamera. Je, naweza kunasa mwanga unaobaki baada ya mlipuko wa miale ya gama?

JIBU: Unaweza, ila uwahi. Miale yenyewe huzuiwa na angahewa. Kuinasa ni kazi ya satelaiti kama Swift, iliyorushwa 2004, ambayo hutangaza haraka mahali pa mlipuko. Wewe unawinda mwanga wa kawaida unaofuata. Kwa kawaida, muda tangu mlipuko ukiongezeka maradufu, mwanga hubaki nusu au chini ya hapo. Kwa hiyo kuchelewa saa moja mwanzoni ni hasara kubwa kuliko kukosa usiku mzima wiki ijayo.

Piga picha nyingi za dakika moja moja, uzijumlishe kwenye kompyuta, na uandike saa ya kila moja. Linganisha na picha ya zamani ya eneo lilelile. Nukta ngeni peke yake haitoshi, huenda ni asteroidi inayopita. Asteroidi husogea, mwanga huu hufifia mahali palepale. Mwanaastronomia Jan van Paradijs na wenzake waliupata wa kwanza hivyo, 1997: nukta iliyoonekana Februari 28 kutoka kisiwa cha La Palma haikuonekana tena Machi 8.

Mianga mingi ya aina hii ni hafifu mno kwa kioo chako, nisikudanganye. Lakini ule wa Machi 29, 2003 ulifuatiliwa na wapenzi wa anga wenye darubini ndogo. Na ule wa Machi 19, 2008, uliosafiri miaka bilioni 7.5, kwa sekunde kadhaa ungeonekana hata kwa macho matupu.