Bangi Bandia Katika Bidhaa za Dukani: Mambo Ambayo Kila Mkazi Anapaswa Kujua

Mzazi akikuta msokoto wa bangi kwenye begi la mtoto, ataitambua kwa sura na harufu. Hali ni tofauti akikuta sigara ya kielektroniki yenye harufu ya embe, au pakiti ya peremende zenye rangi za kupendeza. Katika nchi nyingi, bidhaa za aina hiyo zimepatikana zikiwa na kemikali za kulevya zilizotengenezwa maabara. Makala haya yanaeleza kemikali hizo ni nini, zinavyodhuru mwili na hatua za kuchukua mtu anapoathirika.

Zilitoka wapi?

Kemikali inayolevya katika mmea wa bangi huitwa THC. Kuanzia miaka ya 1990, mwanakemia John W. Huffman wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, alitengeneza mamia ya kemikali zinazofanya kazi mahali pale pale katika ubongo ambapo THC hufanya kazi. Lengo lilikuwa utafiti. Baadaye wafanyabiashara walizichukua kemikali za namna hii, wakaziyeyusha kwa asetoni na kunyunyizia majani makavu. Majani hayo yaliuzwa kama ubani, yakiandikwa kwamba si ya kutumiwa na binadamu.

Mwaka 2008, wataalamu wa Ujerumani na Austria walithibitisha kwamba pakiti zilizouzwa kwa jina la Spice zilikuwa na mojawapo ya kemikali za Huffman, iitwayo JWH-018. Ujerumani iliipiga marufuku Januari 2009. Watengenezaji walibadilisha muundo wa kemikali kidogo tu, wakaendelea na biashara kwa kitu ambacho sheria ilikuwa haijakitaja. Mchezo huo umerudiwa mara nyingi, na hadi sasa zaidi ya aina 200 zimetambuliwa barani Ulaya pekee.

Kwa nini ni hatari kuliko bangi ya kawaida?

Sababu ya kwanza ni nguvu. THC huamsha vipokezi vya ubongo kwa kiasi. Nyingi za kemikali hizi huviamsha kikamilifu, hata zikitumiwa kidogo sana. Mnamo Julai 2016, watu 33 katika mtaa mmoja wa Brooklyn, New York, waliathirika kwa siku moja. Walionekana wakitembea kama watu waliopotewa na fahamu, wengine wakigugumia bila kujibu wanapoitwa.

Sababu ya pili ni kipimo. Kemikali ikinyunyiziwa majani, hailoweki sawasawa. Upande mmoja wa pakiti unaweza kuwa na kidogo na upande wa pili ukawa na kiasi cha kuua. Aliyetumia jana bila kudhurika hana hakika ya leo.

Sababu ya tatu ni uchafu. Mwaka 2018, katika jimbo la Illinois, Marekani, zaidi ya watu 150 walitokwa na damu isiyokoma baada ya kuvuta bidhaa iliyochanganywa na sumu ya panya. Baadhi yao walifariki.

Zinauzwa kwa sura gani?

Zamani yalikuwa majani peke yake. Siku hizi kemikali hizi hupatikana katika maji ya sigara za kielektroniki na katika peremende laini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walipima sigara za kielektroniki zilizonaswa shuleni na kutangaza mwaka 2024 kwamba takriban moja kati ya sita ilikuwa na kanabinoidi bandia. Nchini Japani, mnamo Novemba 2023, watu walipelekwa hospitalini baada ya kula peremende zilizogawiwa katika tamasha mjini Tokyo. Kemikali iliyohusishwa na visa vya aina hiyo, HHCH, ilipigwa marufuku mwezi uliofuata.

Tatizo hili limefika pia kwa majirani wa Bahari ya Hindi. Mauritius na Mayotte zimepambana nalo kwa zaidi ya miaka kumi, na vijana ndio walioumia zaidi.

Dalili za kuangalia

• Moyo kwenda mbio au maumivu ya kifua
• Kutapika mfululizo
• Fujo, hofu kali, au kuona na kusikia visivyokuwapo
• Degedege
• Kuduwaa, kulegea au kupoteza fahamu

Baadhi ya watumiaji wamepata madhara ya figo. Ikumbukwe kwamba kipimo cha kawaida cha mkojo cha bangi mara nyingi hakionyeshi kemikali hizi. Majibu safi hayamaanishi kwamba mtu hakutumia.

La kufanya mtu akizidiwa

1. Asiachwe peke yake. Akiwa amepoteza fahamu lakini anapumua, alazwe kwa ubavu ili asipaliwe na matapishi.
2. Asipewe maziwa, pombe wala dawa yoyote ya nyumbani.
3. Apelekwe kituo cha afya kilicho karibu mara moja.
4. Pakiti, kifaa au peremende iliyobaki ipelekwe pamoja naye. Hakuna dawa maalumu ya kuondoa sumu hii mwilini. Daktari hutibu dalili, na kujua kilichotumiwa humsaidia.

Hapa ndipo maisha hupotea: wenzake huogopa adhabu, wakamficha bwenini au nyuma ya duka wakitumaini ataamka. Wazazi na walimu wanahimizwa kuwaambia watoto mapema kwamba kuita msaada kunatangulia maswali yote.

Kinga nyumbani na mtaani

Wakazi wanashauriwa kutonunua peremende au vyakula visivyo na jina la mtengenezaji, orodha ya viungo na alama ya ubora ya KEBS. Bidhaa inayosifiwa kuwa "inatuliza" au "si bangi lakini inafanya kazi kama bangi" iepukwe kabisa. Mwenye duka akiletewa bidhaa kama hiyo, aikatae na kutoa taarifa kwa chifu, afisa wa afya ya umma au kituo cha polisi.

Anayehitaji ushauri kuhusu uraibu, wake au wa jamaa yake, anaweza kupiga simu ya NACADA, nambari 1192, bila malipo. Wahudumu wa afya ya jamii pia wanaweza kumwelekeza penye matibabu.