Damu Ikipungua Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito akianza kuhema kwa ngazi chache, nyumbani husemwa ni kwa sababu anakula kidogo. Msitosheke na jibu hilo. Huenda amepungukiwa madini ya chuma, hali inayoweza kuja miezi au hata miaka baada ya kidonda kupona.

Chuma hufyonzwa zaidi mwanzoni mwa utumbo mwembamba, kikisaidiwa na asidi ya tumbo. Aliyefanyiwa baipasi, chakula chake hakipiti tena hapo. Aliyekatwa sehemu kubwa ya tumbo, asidi yake imepungua. Mwanamke anayepata hedhi yumo hatarini zaidi.

Tazameni viganja na ndani ya kope kama vimepauka. Moyo kwenda mbio, nywele kukatika, hamu ya barafu au udongo: hizo nazo ni dalili. Anayetafuna udongo msimcheke, apelekwe akapimwe. Pamoja na wingi wa damu, ombeni kipimo cha ferritini, yaani akiba ya chuma, kwani ghala huweza kuwa tupu huku chungu bado kinachemka. Vitamini B12 ipimwe pia.

Kwa kinga, wengi waliopasuliwa huhitaji miligramu 45 hadi 60 za chuma kila siku. Upungufu ukishathibitishwa, daktari huongeza dozi, mara nyingi hadi 150 au 200. Someni pakiti vizuri: kidonge cha salfeti ya chuma cha miligramu 200 huwa na chuma chenyewe takriban 65 tu.

Kidonge kimezwe kwa maji, pamoja na chungwa au pera. Chai, kahawa, maziwa na vidonge vya kalsiamu visubiri saa mbili. Maini, dagaa na mchicha viliwe, lakini peke yake havitibu. Juisi ya rozela tunayoisifu sana ikijaa sukari itamletea wa baipasi jasho, kizunguzungu na kuharisha.

Vidonge visipofanya kazi, au tumbo likivikataa, kuna chuma cha kuwekwa kwenye mshipa hospitalini. Mgonjwa asilaumiwe kwamba hakumeza dawa. Njia ya kufyonza ndiyo iliyobadilishwa.

Choo cheusi ni kawaida kwa anayemeza chuma. Kikinata kama lami na kunuka vibaya, huenda kidonda cha ndani kinavuja damu: nendeni hospitali siku hiyohiyo. Diklofenaki na ibuprofeni huchochea vidonda hivyo, asizinunue kiholela.

Vidonge vifungiwe mbali na watoto. Mtoto mdogo akivimeza vinaweza kumuua.