Land Cruiser Kuukuu Kabla ya Safari Ndefu

Kabla hujanunua winchi, nunua hozi paipu. Wengi wenye Land Cruiser za miaka ya 1990, zile za injini ya 1HZ ambazo Tanzania tunaziita mkonga, huanza maandalizi kwa kuongeza vitu: keria kubwa, taa za ziada, hema la kwenye paa, springi za kunyanyua gari. Fedha huishia hapo, na gari huondoka mjini limebeba mzigo mkubwa zaidi juu ya beringi, mipira na mikanda ileile iliyochoka. Gari hilo lilipotoka kiwandani lilikuwa tayari kwenda porini. Kazi ya kwanza ni kulirudisha karibu na hali ile. Hayo mengine yasubiri.

Tuseme unatoka Arusha, unapita Babati, Singida na Tabora hadi Mpanda, kisha Sumbawanga na kumalizia Mbeya. Lami imefika mbali siku hizi, lakini ukiingia Hifadhi ya Katavi au ukichepuka kuelekea Ziwa Tanganyika, utakutana na makorongo, vumbi na ule udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha. Spea za Toyota hupatikana kwenye miji hiyo. Shida iko katikati ya mji na mji.

Anza miezi mitatu kabla. Gari likishafunguliwa na kufungwa linahitaji muda wa kuonyesha kilichofungwa vibaya, na wewe unahitaji muda wa kutafuta spea halisi badala ya kuchukua iliyopo dukani kwa sababu safari ni kesho.

Joto ndilo la kwanza. 1HZ ni injini ya dizeli ya lita 4.2, silinda sita, haina tabo, na pampu yake ya dizeli haitegemei kompyuta. Huvumilia mengi isipokuwa kuchemsha, maana silinda hedi hupinda au hupata ufa, na hilo halitengenezwi chini ya mti. Toa rejeta nje kabisa, umpelekee fundi rejeta aifungue na kuzibua njia za ndani. Kwa nje, osha uchafu uliokwama kati yake na kondensa ya AC kama ipo, kwa maji yasiyo na nguvu nyingi. Ukipita kwenye majani marefu, mbegu hujaa hapo zikazuia upepo. Badilisha hozi paipu zote, pamoja na zile ndogo za hita zilizojificha nyuma ya injini. Mpira huzeeka hata gari likiwa limelala, kwa hiyo usidanganywe na kilomita chache. Zile ulizotoa, kama bado zina nafuu, zifunge kwenye mfuko ziwe akiba.

Mfuniko wa rejeta nao ubadilishe, maana ni wa bei ndogo na kazi yake ni kubwa. Mjini Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria huchemka chini ya nyuzi 95. Mfuniko mzima wa bar 0.9 huzuia mgandamizo ndani, na maji ya rejeta hupita nyuzi 110 kabla ya kuchemka. Mfuniko uliolegea unakunyima nafasi hiyo yote, halafu unaanza kuilaumu injini.

Kisha kuna themostati. Mafundi wengi huitoa na kuitupa wakiamini kwamba injini itapoa zaidi. Sikubaliani nao hata kidogo. Kwenye injini nyingi za Toyota, themostati inapofunguka hufunga pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi muda wote, na siku ya mzigo mzito mlimani sehemu ya maji moto huzunguka bila kupozwa. Siku za kawaida, injini hutembea ikiwa baridi, hula dizeli zaidi na kulika mapema. Weka mpya, lakini kwanza ijaribu: itie kwenye sufuria ya maji, uyapashe polepole, uone kama inaanza kufunguka kwenye nyuzi zilizoandikwa juu yake. Jaza kulanti, siyo maji ya bomba peke yake.

Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000, na taa yake huwaka kwenye dashibodi. Taa hiyo huhesabu kilomita tu, na inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa. Kama ulinunua gari mkononi mwa mtu na hakukupa risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa. Ukikatika, valvu hukutana na pistoni na safari imeisha. Badilisha pamoja na beringi inayoukaza.

Shuka sasa kwenye ekseli ya mbele, sehemu ambayo wauzaji wa magari hupenda kuifuta kwa kitambaa. Tazama nyuma ya kila tairi la mbele, kwenye ule mviringo wa chuma unaogeuka na usukani. Ukiona grisi nyepesi iliyochanganyika na oili ikichuruzika, sili ya ndani imekufa na oili ya difu inaosha grisi ya jointi. Dawa yake ni kufungua pande zote mbili, kuosha kila kitu, kuweka sili mpya na grisi mpya, na kupaka grisi upya beringi za magurudumu. Ni kazi ya siku nzima na ni chafu. Kaa pale fundi akifanya. Mwambie pia apige grisi krosi za propela shafti, nipeli zote, hata ile iliyoziba.

Barabara yenye vijituta vinavyofuatana, kama kipande cha kuelekea Lango la Naabi kule Serengeti, huua shokapu kwanza. Shokapu hupata moto, oili yake huvuja, na kuanzia hapo springi hupiga bila breki hadi pleti ivunjike. Nunua shokapu nzuri zenye kipimo cha kiwandani, badilisha bushi, kagua senta bolti na yu-bolti. Bolti ndogo ya senta ikikatika, ekseli nzima husogea.

Kwa matairi, soma tarakimu nne zilizo mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri lakini umri wa miaka kumi liache hapo hapo dukani. Kama matairi yako ni yale ya 7.50 yenye mpira wa ndani, usishushe upepo sana kwenye mchanga, maana tairi huweza kuzunguka kwenye rimu likang'oa valvu. Beba mipira ya ndani miwili, na pampu.

Dizeli ya kwenye madumu mara nyingi huwa na maji. Beba filta mbili, jifunze kumwaga maji yaliyokusanyika chini ya filta, na jizoeze kutoa hewa kwa ile pampu ya mkono iliyo juu yake kabla hujaondoka nyumbani. Kagua pia umeme: baadhi ya magari yaliyoletwa kutoka Japani huwashwa kwa volti 24 huku taa zake zikiwa za volti 12, nayo hayakubali betri wala chaja yoyote tu.

Mzigo upimwe. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo madumu matatu ya lita 20 yanakaribia uzito wa mtu mzima. Yasipande kwenye keria. Yaweke chini, kati ya ekseli mbili, na uyafunge kwa mikanda. Juu weka vyepesi: hema, godoro, madumu matupu.

Wiki tatu kabla ya kuondoka, toka kwa siku mbili ukiwa na mzigo wote na watu wote. Tafuta mlima na tafuta vumbi. Baada ya kilomita 50 za mwanzo kaza tena nati za magurudumu na yu-bolti. Ukisimama baada ya mwendo mrefu usio na breki nyingi, sogeza kiganja karibu na kila kichwa cha gurudumu. Kimoja kikiwa na moto kuliko vingine, beringi imekazwa mno au breki inashika. Asubuhi lala uvunguni mwa gari, uone kilichodondoka. Andika kila kitu, rudi gereji, rekebisha. Kisha usimruhusu fundi afungue kingine chochote hadi siku ya safari, hata kama ni kukufungia redio tu.