Safari ya Angani Baina ya Australia na Uingereza

Mwaka wa 1919 serikali ya Australia iliahidi zawadi ya pauni 10,000 kwa Waaustralia wa kwanza watakaoruka kwa eropleni kutoka Uingereza hata Australia katika muda usiozidi siku 30. Ndugu wawili, Ross Smith na Keith Smith, pamoja na mafundi wawili, waliondoka karibu na London tarehe 12 Novemba, wakafika Darwin tarehe 10 Desemba. Walakini katika siku hizo zote eropleni yao ilikuwa angani yapata saa 135 tu. Muda uliobaki ulipita wakitua, wakilala, wakitia mafuta na kutengeneza mitambo. Huko Surabaya, katika kisiwa cha Java, magurudumu yalizama matopeni, hata ikatandikwa mikeka ya mianzi ndipo ndege ikaweza kukimbia na kuruka.

Mwaka wa 1947 shirika la Qantas lilianza kuchukua abiria kutoka Sydney hata London kwa siku 4, wakitua njiani mara kwa mara. Hata mwezi wa Machi 2018, ndege ya shirika lilo hilo iliondoka Perth, magharibi ya Australia, ikafika London kwa saa 17 hivi bila kutua popote. Umbali huo, ukipimwa kwa uzi uliokazwa juu ya tufe la dunia, ni yapata kilometa 14,500, yaani maili 9,000.

Mwanafunzi ajuaye hesabu atashangaa. Ndege ya namna hii huenda kilometa 900 kwa saa. 14,500 zikigawanywa kwa 900, jawabu ni saa 16 na kidogo. Muda uliozidi umekwenda wapi? Upepo ndio ulioula. Juu sana, katika njia hiyo, pepo kali mara nyingi huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na ndege iendayo Uingereza hupambana nazo. Upepo wa kilometa 100 kwa saa ukiikabili njia nzima, mwendo wake hupungua kuwa kilometa 800, na safari huzidi saa 18. Kwa hiyo mafuta hayapimwi kwa umbali peke yake. Upepo ukisahauliwa, yaweza kukwisha juu ya bahari, wala angani hakuna mahali pa kusimama. Ndege irudiyo Perth husukumwa na pepo zizo hizo, ikafika upesi zaidi.

Tena saa ya ukutani huwadanganya wasafiri. Msafiri aondoka Perth saa 1 ya usiku, majira ya baridi ya Ulaya, naye afika London saa 10 ya alfajiri. Akihesabu kwa vidole aona amesafiri saa 9 tu, lakini miguu yake iliyovimba yakataa! Sababu ni kwamba jua huchomoza Perth kwanza, na majira hayo saa za huko hutangulia zile za London kwa saa 8. Alipoondoka, London ilikuwa saa 5 ya asubuhi. Tangu hapo hata saa 10 ya alfajiri ni saa 17 kamili. Naye anaposhuka gizani huko London, jamaa zake Perth wanakula chakula cha mchana.