SOMO LA 14: KEJELI – KUSEMA HIVI, KUMAANISHA VILE

Ndugu mwanakisomo, sasa unajua kusoma. Unasoma barua, risiti ya mazao na matangazo ya kijiji. Lakini yapo maandishi ambayo kuyatamka maneno yake hakutoshi. Maneno yanasema hivi, mwandishi anamaanisha vile. Maandishi hayo huitwa kejeli. Asiyeyatambua humsifu mtu ambaye mwandishi anamlaumu.

Soma habari hii polepole. Ni habari ya kutungwa.

Kisima cha Tutaona

Katika kijiji cha Tutaona pampu ya kisima imeharibika kwa miaka mitatu. Lakini wananchi wasinung'unike. Mwenyekiti wao, Ndugu Kesho, ni mchapakazi. Aliunda kamati ya kutafuta spana. Kamati ilikula mbuzi mmoja, ikafikiri. Akaunda kamati ya pili. Hiyo ilikula mbuzi wawili, maana mawazo yake yalikuwa mazito zaidi. Sasa spana imepatikana. Imewekwa ndani ya sanduku zuri lenye kufuli. Kamati ya tatu inatafuta ufunguo. Kina mama wanaamka saa tisa usiku kwenda korongoni kufukua mchanga wapate maji. Wana bahati! Matembezi ya usiku huleta afya.

Je, mwandishi anamsifu Ndugu Kesho? Hapana. Anamlaumu vikali. Tuangalie njia alizotumia.

Njia ya kwanza ni kinaya. Kinaya ni kusema kinyume cha unachofikiri. Mwandishi anasema "mchapakazi", anamaanisha mvivu. Anasema "wana bahati", anamaanisha kwamba wanateseka. Utakitambuaje kinaya? Linganisha maneno na matendo. Mtu anasifiwa, lakini kisima hakitoi maji. Sifa na matendo vikipingana, simama ufikiri.

Njia ya pili ni chuku. Kupiga chuku ni kulikuza jambo kupita kiasi. Hakuna kamati inayoundwa kutafuta ufunguo wa sanduku la spana. Lakini zipo kamati zinazokula sana na kutenda kidogo. Chuku hulikuza kosa dogo ili kila mtu alione.

Njia ya tatu ni majina yenye maana. Kesho ni mtu wa kuahirisha kila jambo. Tutaona ni kijiji cha watu wanaosubiri tu. Hapo mwandishi amewagusa hata wananchi. Miaka mitatu wamekaa kimya, wanangoja.

Njia ya nne ni kuhamisha mahali. Mwandishi hataji kijiji chako. Anatunga kijiji kingine, kisha anakuachia wewe ulinganishe. Shaaban Robert aliitumia njia hii katika kitabu chake Kusadikika, kilichotolewa mwaka 1951. Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na kuwalaumu watawala waziwazi kulikuwa na hatari. Yeye akatunga nchi iliyo angani. Katika nchi hiyo wajumbe wanatumwa mbali kutafuta mambo mema. Wanaporudi na mawazo mazuri, wanatiwa gerezani. Waziri anayemshitaki Karama, mtu mwema, anaitwa Majivuno. Nchi ya angani haipo popote, lakini wasomaji wengi waliona kwamba inafanana na nchi wanazozijua.

Huenda unafikiri kejeli ni mambo ya vitabuni tu. Sivyo. Wewe unaijua tangu utotoni, maana unaujua utani. Wagogo na Wanyamwezi ni watani. Katika karne ya 19 misafara ya Wanyamwezi ilipita Ugogo ikielekea pwani, na watemi wa Ugogo walitoza hongo. Watu waliogombana na kuuziana chakula baadaye waliweza kuchekana. Mtani hukuambia kosa lako mbele ya watu, nawe hukasiriki. Hata msibani mtani huruhusiwa kusema yale ambayo wengine hawathubutu kuyasema.

Lakini si kila kicheko ni kejeli njema. Jiulize: anayechekwa ni nani, na anachekwa kwa nini? Kejeli njema hucheka tendo ambalo mtu anaweza kuliacha. Ukimcheka kiongozi anayeficha daftari la mapato, hiyo ni kejeli. Ukimcheka mtu kwa sababu ana chongo, hayo ni matusi.

Chukua mfano ulio karibu nasi. Umesikia mizaha kwamba Wagogo ni ombaomba. Mizaha hiyo inamcheka nani? Inamcheka mtu aliyekosa mvua. Wazee walisimulia njaa ya Mtunya, iliyoua watu wengi katika Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Kisha mvua ikakosekana. Mzaha unaomcheka mwenye njaa na kumsahau aliyechukua nafaka umemlenga mtu asiyestahili. Mwenye kejeli ya kweli angewacheka wenye nguvu waliobeba magunia.

Sasa turudi kwenye kisima cha Tutaona. Wasomaji wako wa aina tatu. Wa kwanza husema, "Kumbe Ndugu Kesho ni mtu hodari!" Huyo amesoma maneno tu. Wa pili hucheka sana, kisha hulala. Huyo ameelewa nusu. Wa tatu hucheka, kisha huuliza, "Je, pampu yetu imeharibika tangu lini? Fedha za kuitengeneza ziko wapi?" Naye hupeleka swali lake kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Huyo ndiye mwandishi aliyekuwa akimtafuta.

MSAMIATI
Chongo: hali ya kuwa na jicho moja bovu.
Hongo: hapa ni ushuru uliotozwa wasafiri wapitao nchi ya mtu.
Kejeli: maneno ya kuchekesha yenye lawama na funzo ndani yake.
Korongo: njia ya maji ya mvua, ambayo hukauka wakati wa kiangazi.

MASWALI YA KUJADILI
1. Katika habari ya Tutaona, ni sentensi zipi unaona zina ukweli, na zipi zimepigwa chuku?
2. Kwa nini mwandishi aliwagusa wananchi pia, si mwenyekiti peke yake?
3. Taja utani uliowahi kuusikia uliomfanya mtu aache kosa. Ulisemwaje?
4. Andika sentensi tano za kejeli juu ya tendo baya lililopo kijijini. Usitaje jina la mtu. Wasomee wenzako, kisha waulize wameelewa nini.